Nina siku mbili Lyon, nataka kutembea kwa miguu mitaa ya zamani. Nianzie wapi?

Mwanahawa_Tanga ameandika:

Asalaam aleykum wadau, na habari za majukumu.

Mwezi wa kumi, Mungu akipenda, nakwenda Lyon, Ufaransa, kwa mafunzo ya kazini. Yanaisha Ijumaa, ndege ya kurudi ni Jumatatu alfajiri, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili ni zangu mwenyewe. Wenzangu wawili ninaosafiri nao wameshakata tiketi za treni kwenda Paris kupiga picha chini ya ule mnara. Wananiona wa ajabu kwa kukataa.

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga. Wanaopajua wanajua: barabara zimenyooka, zina namba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata mtoto wa chekechea hapotei. Basi maisha yangu yote nina hamu ya mji wa kunipoteza kidogo. Nikienda Unguja kwa shemeji yangu kazi yangu ni kuzunguka vichochoroni mpaka wananitafuta. Nimesikia Lyon nako kuna vichochoro, tena vingine vinapita ndani ya nyumba za watu. Ni kweli? Mgeni anaruhusiwa kuingia, au ndiyo nitaitiwa polisi?

Nina miaka 54, mwili mzima, ila goti la kushoto linanisumbua. Kifaransa changu ni bonjour na merci. Na chakula cha halali nitakipata wapi? Natanguliza shukrani.

Jogoo_la_Shamba ameandika:

Dada nenda Paris na wenzako. Nyumba kuukuu tunazo tele huku, hakuna haja ya kupanda ndege kuziangalia.

KakaVifurushi ameandika:

Waaleykum salaam dada Mwanahawa. Huyo wa juu mwache na Paris yake.

Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, niko Lyon mwaka wa kumi na moja huu. Miaka minne ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kusambaza vifurushi kwa mkokoteni wa mkono, eneo la mji wa kale wanaloliita Vieux Lyon. Kampuni siitaji, tuliachana vibaya. Lakini ndiyo iliyonifundisha mji, na nimeujua kwa milango yake kuliko kwa barabara.

Uliyosikia ni kweli. Njia hizo zinaitwa *traboule*, na wenyeji wamelitengenezea kitenzi kabisa, "trabouler", yaani kupita ndani kwa ndani. Sababu yake ukiangalia ramani utaielewa mara moja. Vieux Lyon ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya mto Saône na kilima cha Fourvière. Mitaa yake mirefu inafuata mto, na ya kukatiza ni michache mno. Sasa mtu wa karne ya kumi na sita anataka kutoka upande wa kilima ateremke mtoni, azunguke wapi? Anapita ndani ya nyumba. Kwetu Unguja kichochoro kiko baina ya nyumba na nyumba. Huku kimeingia tumboni mwa nyumba. Unasukuma mlango wa barabarani, unaingia ujia mrefu wenye giza, unatokea uani penye mwanga wa kutoka juu kama kisimani, kuna ngazi ya kuzunguka kama gamba la konokono, kisha ujia mwingine, mlango, na uko mtaa wa pili.

Wiki yangu ya kwanza kazini nilifunga mkokoteni kwa mnyororo nje ya namba 54 rue Saint-Jean, nikaingia na vifurushi vitatu. Ile ndiyo traboule ndefu kuliko zote za Vieux Lyon, mimi sijui. Nikapanda, nikashuka, nikafuata ujia nilioudhani ndio niliojia. Nikatokea rue du Bœuf namba 27. Nikatazama kulia, kushoto, mkokoteni hakuna. Nikajua nimeibiwa. Nimesimama pale nimeshika kichwa, mzee mmoja mwenye mbwa akanitazama, hakusema neno, akanishika kiwiko, akanirudisha ndani kwa mlango uleule. Ua, ujia, ua, ujia, mkokoteni huu hapa. Akacheka mpaka mbwa akaanza kubweka.

Kwa hiyo anzia hapohapo, 54 rue Saint-Jean, Jumamosi asubuhi. Usiende baada ya saa nne. Mchana mtaa ule unajaa watalii na vikundi vya bwana harusi mtarajiwa na fulana zao za kufanana, huoni ukuta. Saa mbili au saa tatu unakuta watu wanafungua maduka na mawe yamelowa umande. Angalia unapokanyaga: yale mawe ya duara ya mtoni wanayaita "vichwa vya paka", na ukiwa na kiatu cha soli laini utavihesabu kimoja kimoja.

Namna ya kuingia ni hivi. Milango inayoruhusiwa ina kibao kidogo ukutani. Mingine unasukuma tu. Mingine asubuhi ina kitufe kwenye kibao cha kengele kimeandikwa "Service", ni cha posta na sisi watu wa mizigo. Ukikibonyeza mlango unalia *tii*, unasukuma. Usibonyeze majina ya watu! Ndani kuna swichi ya taa yenye kijitaa chekundu. Iwashe, lakini ujue inajizima yenyewe baada ya muda, na itakuzimikia katikati ya ujia. Usishtuke. Papasa ukuta mpaka uone mwanga wa uani. Jioni kwenye saa moja milango mingi inafungwa.

Na ukiwa ndani sema kwa sauti ya chini, dada. Mle wanaishi watu. Zipo traboule mamia, zilizo wazi kwa umma ni chache, na hizo zimefunguliwa kwa makubaliano: halmashauri ya mji inachangia usafi, taa na matengenezo, wenye nyumba wanaacha mlango wazi mchana. Kila mgeni anayepiga kelele uani anamtia mwenye nyumba hamu ya kuvunja makubaliano. Mimi nimeshuhudia milango miwili niliyoizoea ikifungwa kabisa.

Ukitoka 27 rue du Bœuf, tembea hatua chache mpaka namba 16. Uani kuna mnara wa ngazi uliopakwa rangi ya waridi, wanauita Tour Rose. Kisha nenda zako kaskazini hadi rue Juiverie namba 8. Hapa ndipo ninapopapenda kuliko pote. Mwaka 1536 Philibert Delorme, msanifu majengo kijana aliyekuwa amerudi kutoka Italia, aliombwa aziunganishe nyumba mbili kwa roshani. Ua ulikuwa finyu, na ndani yake kuna kisima. Hakutaka kukigusa. Akaibeba roshani nzima juu kwa matao yanayochomoza kwenye pembe za kuta kama mkono ulioshika sinia, chini kisima kikabaki na nafasi yake. Nimepeleka vifurushi pale mara nyingi na kila mara nilichelewa.

Tena ujue haya yote yalikuwa yavunjwe. Meya Louis Pradel, aliyeongoza mji tangu 1957, alikuwa mpenzi wa magari na saruji, akataka kupitisha barabara kubwa katikati ya mtaa ule. Wakati huo nyumba zilikuwa chafu, zimejaa maskini, watu wakisema ni banda la panya, livunjwe. Wakazi wakagoma. Mwaka 1962 ikapita sheria ya waziri André Malraux ya kulinda mitaa mizima, si jengo mojamoja, na mwaka 1964 Vieux Lyon ikawa ya kwanza Ufaransa nzima kulindwa kwa sheria hiyo. UNESCO walikuja 1998 wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, miaka miwili kabla ya kwetu Mji Mkongwe. Sisemi zaidi, maana nikianza habari ya nyumba zinazoanguka kwetu sitalala.

Jumapili nenda Croix-Rousse. Hiki ni kilima cha pili, upande wa pili wa Saône, na ni mji mwingine kabisa. Vieux Lyon ni nyumba za matajiri wa biashara na mabenki. Croix-Rousse ni ya wafumaji wa hariri, wanaoitwa *canut*. Simama chini, tazama madirisha: marefu, yamepangwa karibukaribu, hayana pambo lolote. Mtambo wa Jacquard, uliotokea mwanzoni mwa miaka ya 1800, ulikuwa mrefu kwa sababu ya lile sanduku la kadi zilizotobolewa lililokaa juu yake, kwa hiyo nyumba zikajengwa na dari ya karibu mita 4 ili uingie. Mabibi zetu wangeuita kitanda cha mfumi, ingawa hiki ni kitanda kilichokula nyumba nzima. Familia ililala kwenye kidari cha mbao juu ya jiko, sehemu nzuri yenye mwanga ilikuwa ya mtambo. Mlio wake wanauita mpaka leo *bistanclaque*. Utamke kwa sauti, utausikia.

Novemba 1831 wafumaji hao waliteremka kilima na silaha. Walikuwa wamekubaliana na matajiri bei ya chini ya kazi, matajiri wengi wakaikana. Bendera yao iliandikwa kwamba wataishi kwa kufanya kazi au watakufa wakipigana. Wakaushika mji siku kadhaa mpaka jeshi likaletwa. Mwaka 1834 wakainuka tena, mamia wakauawa. Ukitaka kuona walimoishi, ingia 9 place Colbert, Cour des Voraces. Kuna ngazi ya mawe ya ghorofa sita imesimama uani wazi bila ukuta wa mbele, kama mtu amefungua kabati. Hakuna nakshi hata moja. Watu wengi hupiga picha wakaondoka. Wewe kaa kidogo, sikiliza.

Kwa goti lako: panda kwa metro, mstari C, ni treni yenye meno inayopanda mlima. Shuka kituo cha Croix-Rousse, tembea mpaka lile jiwe kubwa wanaloliita Gros Caillou, kukiwa kweupe utaiona milima ya Alps, kisha teremka pole pole kwa miguu hadi place des Terreaux. Sokoni boulevard de la Croix-Rousse kuna matunda kila asubuhi isipokuwa Jumatatu.

Chakula: vile vibanda maarufu vya Lyon, *bouchon*, ni nguruwe na matumbo kuanzia juu hadi chini. Pita. Ukiona "cervelle de canut" usikimbie: tafsiri yake ni ubongo wa mfumaji, lakini ni jibini laini lenye majani na vitunguu. Uliza tu, wengine hutia divai kidogo. Andazi lao la pralini ni lozi zilizovikwa sukari nyekundu, hilo kula mpaka uchoke. Kwa mlo wa halali nenda Guillotière, ng'ambo ya Rhône, shuka metro Guillotière. Pale utakula wali, utasikia Kiarabu, Kilingala na hata Kiswahili.

MkeWaNgazija ameandika:

KakaVifurushi umeandika vizuri, ila nanyi watu wa Lyon mnajifanya mji wa kale ni wenu peke yenu.

Shoga Mwanahawa, Jumapili panda treni asubuhi uje Marseille, ni chini ya saa mbili. Mimi nimezaliwa Unguja kwa wazazi wa Kingazija, nimeolewa huku, mwaka wa 26. Wangazija wa Marseille ni wengi mpaka mji unaitwa kisiwa cha tano cha Komoro. Wa mwanzo walikuwa mabaharia wa meli, wakapanga vyumba kwenye mitaa ya zamani karibu na bandari. Mtaa wenyewe ni Panier. Unapanda Montée des Accoules, ngazi pana za taratibu, nguo zimeanikwa madirishani kama kwetu Malindi, unafika place des Moulins palipokuwa na vinu vya upepo. Ingia Vieille Charité: matao ghorofa tatu kuzunguka ua, na katikati kikanisa chenye kuba la umbo la yai, kazi ya Pierre Puget. Jengo lilianzwa 1671 kuwafungia maskini na ombaomba. Zuri hivyo, na lilikuwa jela ya mafukara.

Lakini ukishuka bandarini utaona mtaa unakatika ghafla, nyumba zote za umri mmoja. Januari 1943 Wajerumani na polisi wa Kifaransa waliwatoa watu zaidi ya 20,000 majumbani, kisha wakalipua kwa baruti nyumba kama 1,500. Jirani yangu, bibi wa Kitaliano, alikuwa na miaka sita. Alikuwa akinionesha kwa kidole pale gorofa ya mama yake ilipokuwa: angani, juu ya mgahawa. Amekufa mwaka juzi.

Mwanahawa_Tanga ameandika:

Jamani Mungu awalipe. Nimechapisha kwenye karatasi.

Kaka yangu, kuna jambo nilikosea kulieleza. Mimi ni nesi, najua goti langu: *kupanda* halina shida. Kushuka ndiko kunakoniua. Sasa wewe umenipandisha kwa treni ukaniteremsha kwa miguu!

Shoga wa Marseille, roho inataka, ila siku mbili hazitoshi. Nikipata mafunzo mengine nitakugongea.

KakaVifurushi ameandika:

Hahaha, pole dada. Geuza karatasi juu chini.

Jumapili anzia place des Terreaux, penye chemchemi ya yule Bartholdi aliyechonga sanamu ya New York: farasi wanne, pua zinatoa moshi. Panda kwa hatua zako. Nenda mpaka rue des Tables Claudiennes, namba 55, traboule yake inakupandisha hadi 20 rue Imbert-Colomès. (Jina la mtaa huo linatokana na bamba la shaba lenye hotuba ya Kaisari Klaudio, aliyezaliwa mji huuhuu, lilichimbuliwa kilimani 1528.) Kutoka Imbert-Colomès tafuta namba 29, ndiyo tumbo la Cour des Voraces, utatokea place Colbert. Mwisho Gros Caillou, kaa benchi, kula andazi, rudi chini kwa metro C. Hutashuka ngazi zaidi ya za kituo, na kuna lifti.

Jumamosi pale Vieux Lyon ni tambarare. Ukitaka Fourvière, panda na kushuka kwa treni ya kamba. Wenyeji hata leo wanaiita "ficelle", yaani uzi.

Sehemu moja tu nakusihi upande kwa miguu: montée du Gourguillon, kutoka place de la Trinité. Ni mwinuko mkali, watalii hawaendi, wanachoka pichani kwanza. Ndipo mwaka 1305 msafara wa Papa Clement V ulipokuwa ukiteremka baada ya kutawazwa, watu wamejazana juu ya ukuta kutazama, ukuta ukaanguka. Mtawala wa Bretagne aliyekuwa ameshika hatamu za farasi wa Papa akafa kwa majeraha. Kidogo juu, kushoto kwako, kuna kichochoro kisichotoka, impasse Turquet, chenye roshani za mbao nyeusi. Turquet ndiye mmoja wa wawili waliopewa na mfalme François wa Kwanza ruhusa ya kufuma hariri Lyon, 1536. Pale nilikuwa napumzika saa sita na mkate wangu. Paka mmoja wa rangi ya tangawizi alikuwa wangu. Kama bado yupo msalimie.

Mwanahawa_Tanga ameandika:

Nimerudi, wadau. Goti zima.

Kaka, nilifika 54 rue Saint-Jean saa mbili na nusu, mvua ya manyunyu. Mlango mzito, nikausukuma kwa bega. Nikawasha taa. Nimefika ua wa pili, nimeingia ujia wa mbele, *tak*, giza. Nilikuwa nimeambiwa na bado moyo uliruka. Nikashika ukuta, baridi, una vumbi kama unga. Juu yangu mtu anakaanga vitunguu, redio inasema habari, mtoto anakataa kuvaa viatu. Kifaransa sijui, lakini mtoto anayekataa viatu nimelea watatu. Nimesimama pale labda dakika tano, mpaka mwanamke akashuka na yule mtoto mkononi, kiatu kimoja mguuni. Akawasha taa, akaniona, nikasema bonjour. Akasema bonjour. Wakapita.

Gourguillon nimepanda. Paka hakuna. Ila kwenye ngazi ya impasse Turquet kuna bakuli la maziwa, nusu.

KakaVifurushi ameandika:

Bakuli la bluu, limepasuka mdomoni?

Mwanahawa_Tanga ameandika:

La bluu. La kupasuka sikuangalia, kulikuwa na mvua.